Mguu wa rafiki yangu umegoma zikiwa zimebaki kilomita 200: tutamalizaje hija pamoja?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi na rafiki yangu tunatembea Njia ya Mtakatifu Yakobo, njia ya kale ya mahujaji nchini Hispania, kuelekea Santiago de Compostela, tulianzia León. Juzi tulishuka kutoka msalaba wa mlimani uitwao Cruz de Ferro hadi kijiji cha Molinaseca, na tangu hapo muundi wake wa kulia unamuuma kwa mbele, chini karibu na kifundo. Umevimba kidogo na una joto. Sasa tuko Ponferrada. Anameza ibuprofen asubuhi na mchana, amekaza kamba za buti ili kifundo kishikwe vizuri, na jana usiku mwenzetu mmoja wa njiani alimkanda kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Anasema maumivu ni sehemu ya hija, na kwamba kama anaweza kukanyaga basi hakuna kilichovunjika. Tuliahidiana kuingia Santiago pamoja kwa miguu. Ndege yetu ya kurudi inaondoka Santiago baada ya siku 14. Je, nimwache aendelee? Akipanda basi hija yake itakuwa batili? Na mimi nikienda mbele peke yangu, si nitakuwa nimemsaliti?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa kuwa mko njiani, nianze na jibu lenyewe: rafiki yako asitembee kesho, wala keshokutwa. Hilo halina maana kwamba hija yake imekwisha. Siku 14 ni nyingi kuliko mnavyozihesabu sasa mkiwa na wasiwasi, na Ponferrada ni mahali pazuri pa kusimama. Kitakachomnyima Santiago ni hizi siku tano zijazo akizitumia vibaya.

Mguu wake sijauona, na hakuna mtu anayeweza kuupima kwa kusoma barua. Ila maelezo yako yanafanana sana na tatizo ambalo sisi tunaotibu misuli na viungo tunaletewa mara kwa mara na watu wanaotembea siku nyingi mfululizo. Mbele ya mguu, pembeni kidogo ya mfupa wa muundi, kuna msuli mrefu. Kano yake hupita mbele ya kifundo na kwenda kushika upande wa ndani wa wayo. Wengi wanajua kwamba msuli huu ndio unaoinua wayo. Kazi yake kubwa zaidi kwa mtembeaji ni kuushusha: kisigino kikishagusa ardhi, msuli hujikaza huku ukirefushwa, ili wayo utue taratibu badala ya kujipigiza chini. Msuli unaojikaza huku ukivutwa huumia upesi kuliko unaojikaza huku ukifupika.

Sasa fikiria mlichofanya juzi. Cruz de Ferro iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Molinaseca iko kama mita 600. Mmeshuka mita 900 kwa safari isiyofika kilomita 20, sehemu kubwa juu ya mawe yaliyolegea, na mizigo mgongoni. Mtu hupiga hatua kama 1,300 hadi 1,500 kwa kila kilomita, na kwenye mteremko wayo una safari ndefu zaidi kabla haujatua, kwa hiyo breki hiyo hufanya kazi kwa muda mrefu katika kila hatua. Watu huogopa kupanda kwa sababu kupanda kunakata pumzi. Mapafu yakilalamika mtu hupumzika. Kwenye kushuka hakuna kinacholalamika mpaka jioni, na ndiyo maana majeraha mengi ya muundi na magoti hupatikana huko.

Kano hiyo hupita ndani ya ala nyembamba yenye ute. Ikisuguliwa kupita kiasi, ala huvimba, ute hubadilika, na kano haitelezi tena vizuri. Kuna jambo unaloweza kulifanya wewe mwenyewe sasa hivi: weka kiganja chako taratibu mbele ya kifundo chake, pale kwenye uvimbe, halafu mwambie ainue na kushusha wayo polepole. Ukisikia mkwaruzo chini ya ngozi, kama ngozi ya kiatu kipya inavyolia mtu akikunja mguu, hiyo ni kano iliyovimba ndani ya ala yake. Si dalili ya kutisha, lakini ni amri ya kupumzika.

Hapo utaona kwa nini kukaza buti kunamuumiza. Ulimi wa buti na kamba zinapita juu ya kano hiyo hiyo. Kadiri anavyokaza ili kifundo kishikwe, ndivyo anavyobana ala iliyovimba kati ya kamba na mfupa, na kila hatua inaisugua tena. Azilegeze leo. Siku atakayovaa tena buti kwa kutembea, kamba ziruke matundu yaliyo juu ya sehemu yenye maumivu, zikazwe chini upande wa vidole na juu ya hapo tu. Kama ana viatu vyepesi visivyofika kifundoni, ni afadhali avivae hivyo.

Kumkanda nako kukome. Aliyemkanda alikuwa na nia njema, lakini kano iliyovimba ukiisugua kwa nguvu unaendeleza kazi ambayo mteremko uliianza. Kinachosaidia ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, mara tatu au nne kwa siku, mguu ukiwa umeinuliwa. Barafu inapunguza maumivu, haiponyeshi. Kinachoponya ni kuacha kusugua. Asilale kitandani kutwa pia. Kuchezesha wayo kwa upole na kutembea ndani ya nyumba bila kuchechemea kunafaa.

Ibuprofen siipigi marufuku. Ninachokataa ni namna anavyoitumia. Anaimeza ili atembee, na maana yake anaizima sauti pekee inayomwambia asimame. Halafu kuna mafigo: mtu anayetoka jasho kutwa nzima na kunywa maji kidogo, akimeza dawa za aina hii kila siku, anayabebesha mafigo mzigo mzito, na tumbo pia linaweza kupata vidonda. Asiichanganye na diclofenac wala naproxen, maana zote ni za ukoo mmoja. Kama ana vidonda vya tumbo, shida ya figo, ni mjamzito au anatumia dawa za shinikizo la damu, asimeze hata kimoja kabla ya kuongea na daktari au mfamasia.

Sasa hili la "akiweza kukanyaga hakuna kilichovunjika". Naomba mlisahau kabisa. Mfupa wenye ufa mwembamba unaweza kumbeba mtu kwa siku kadhaa kabla haujakatika. Mfupa ni kitu hai: ukiupa kazi mpya, mwili hubomoa kwanza sehemu zilizochoka, halafu hujenga nyingine imara zaidi. Kubomoa kunakwenda haraka, kujenga kunachukua wiki na wiki. Kwa hiyo mtu aliyezoea kukaa, akaanza ghafla kutembea kilomita 25 kila siku, hupita kipindi ambacho mifupa yake ni dhaifu kuliko siku aliyoanza. Kwa siku chache mlizotembea tangu León, ufa si jambo la kwanza ninalolifikiria. Lakini kama alijifua kwa nguvu mwezi mmoja au miwili kabla ya kuja, kama anakula kidogo sana, kama hedhi yake imekatika kwa miezi, au kama aliwahi kupata ufa wa aina hii zamani, nalifikiria mapema zaidi.

Mwambie aoneshe panapouma kwa kidole kimoja. Akishindwa kuchagua, akapitisha mkono mzima juu ya eneo refu, hiyo ni afadhali. Akiweka ncha ya kidole juu ya mfupa wenyewe, na kila mkirudia anarudi palepale, hapo pana shaka. Maumivu yanayomwamsha usiku, au yanayoendelea saa nyingi akiwa amekaa tu, yanaongeza shaka hiyo. Msimjaribu kwa kumrukisha kwa mguu mmoja. Jaribio hilo lifanywe na daktari. Na mjue kwamba picha ya eksrei katika wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haioneshi ufa hata kama upo. Eksrei safi pamoja na mfupa unaouma mahali pamoja haitoshi kumruhusu mtu aendelee. Muulizeni daktari kama kuna haja ya kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku.

Yapo mambo yasiyongoja kesho. Shavu la mguu likivimba mguu mmoja tu, likawa na joto na kuuma, hasa kama mlisafiri kwa ndege saa nyingi hivi karibuni au anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Akianza kubanwa na pumzi au kuumwa kifua, pigeni 112 papo hapo, ndiyo namba ya dharura kote Hispania. Muundi ukiwa mgumu na kukaza, maumivu yakazidi kabisa kiasi cha jeraha lenyewe, vidole vikafa ganzi au wayo ukashindwa kuinuka, nendeni kwenye mlango wa hospitali ulioandikwa Urgencias, yaani Dharura, bila kusubiri asubuhi. Na uniangalizie malengelenge yake. Lengelenge lililopasuka likaingia vijidudu huleta joto na uvimbe unaopanda mguu, pamoja na homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo pimeni kwa kiganja: linganisheni joto la mguu huu na ule mwingine.

Tuseme hakuna hata moja kati ya hayo, na daktari kesho akakubali kwamba ni kano. Nieleze kwa nini nasema mmesimama mahali pazuri. Ponferrada ni mji wenye hospitali. Mbele yenu vinafuata vijiji na miji midogo. Pili, barabara inayowasubiri ni ileile iliyomuumiza: mtapanda hadi O Cebreiro, kama mita 1,300, halafu mtashuka hadi Triacastela, karibu mita 670. Kumpeleka pale wiki hii ni kurudia Molinaseca juu ya jeraha bichi. Na tatu, jambo ambalo huenda hamkulizingatia: kati ya Ponferrada na mji wa Sarria kuna usafiri wa umma, na Sarria iko kilomita 115 hivi kutoka Santiago.

Hapo tumefika kwenye swali lako la basi. Ofisi ya Mahujaji ya Santiago hutoa cheti kinachoitwa Compostela kwa mtu aliyekuja kwa nia ya dini au ya kiroho, akatembea kwa miguu angalau kilomita 100 za mwisho, au kilomita 200 kwa baiskeli. Katika kilomita hizo 100 anatakiwa kugonga mihuri angalau miwili kila siku kwenye pasi yake ya hujaji. Kwa hiyo rafiki yako akipanda gari kutoka hapo mlipo hadi Sarria hapotezi cheti. Akipanda gari ndani ya kilomita 100 za mwisho, anaweza kukipoteza. Ndiyo maana nasema kilomita alizobakiwa nazo ni chache kuliko mnavyodhani: zinazohitaji mguu mzima ni hizo 115, wala hazianzi kesho.

Mpango ninaoupendekeza ni huu. Yeye abaki Ponferrada siku tano. Siku ya tatu, kama kukanyaga ndani hakumuumizi tena na anashuka ngazi bila kujishika, atembee nusu saa mahali tambarare, bila mzigo na bila dawa. Hukumu haitolewi wakati wa kutembea, inatolewa asubuhi inayofuata: kama hapajaongezeka kuuma wala kuvimba, siku ya nne aende saa nzima. Akianza kuchechemea wakati wowote, anarudi hatua moja nyuma. Akifaulu, siku ya tano mnakutana Sarria.

Kuanzia Sarria msifuate safari za siku tano zinazopendwa na wengi, zenye kilomita 25 na hata 29 kwa siku. Gawanyeni kwa siku nane: Ferreiros kilomita 13 hivi, Portomarín 9, Ventas de Narón 13, Palas de Rei 12, Melide 15, Arzúa 14, O Pedrouzo 19, halafu Santiago 20. Tano na nane ni 13, inabaki siku moja ya akiba, na mimi ningeitumia kukata safari ya Arzúa hadi O Pedrouzo vipande viwili. Mzigo wake utangulizwe kila asubuhi. Huduma za kubeba mizigo zipo njia nzima, hata posta ya Hispania inayo. Fimbo mbili za kutembelea, si moja. Kwenye mteremko hatua ziwe fupi na za harakaharaka, magoti yamelegea kidogo. Mjihadhari hasa na kuingia Portomarín, maana kabla ya daraja la mto Miño kuna mteremko mkali mfupi, na watu huukimbilia kwa furaha ya kuuona mji. Yeye aushuke kwa kukatakata upande huu na ule kama barabara ni pana ya kutosha.

Sikuahidi kwamba itawezekana. Kano nyepesi hutulia kwa siku chache, nyingine huchukua wiki mbili au zaidi, na ufa wa mfupa unahitaji wiki sita au nane za kutotembea safari kabisa. Ikiwa siku ya nne bado anachechemea, asianze Sarria kwa matumaini. Hapo atasafiri kwa basi mji hadi mji, mkutane jioni, na cheti hatapata. Ni pigo, nisikufiche. Lakini mguu ulioharibika kilomita 40 kabla ya Santiago haupati cheti pia, na mwenye nao anarudi nyumbani kwa magongo.

Je, hija itakuwa batili? Mimi si padri, lakini njia yenyewe ilishalijibu swali hilo karne nyingi zilizopita, tena katika mji ulio mbele ya Ponferrada. Huko Villafranca del Bierzo kuna kanisa la Mtakatifu Yakobo lenye mlango wa upande wa kaskazini uitwao Puerta del Perdón, yaani Mlango wa Msamaha. Mahujaji wa zama za kati waliougua au kuumia wakashindwa kuvuka milima kwenda Galicia, jimbo lenye Santiago, walipokea pale rehema zilezile ambazo wangezipata Santiago. Waliotengeneza utaratibu huo walikuwa wameona miguu mingi kama wa rafiki yako, wakajua kwamba wengine wataishia hapo na hawakuwa radhi kuwarudisha mikono mitupu. Ni kilomita 24 tu kutoka mlipo. Anaweza kwenda kwa basi akaukalie mlango huo mchana mmoja wakati wa mapumziko yake. Nadhani utamfaa kuliko maneno yangu.

Kuhusu wewe kwenda mbele: nenda. Kati ya marafiki wawili waliofungwa na ahadi, aliyeumia huficha maumivu asimwangushe mwenzake, na mzima huficha hamu ya kwenda asionekane mkatili. Kila mmoja anamlinda mwenzake kwa uongo, na wiki ya mwisho inaisha kwa kununiana bila yeyote kujua chanzo. Ukikaa naye siku tano chumbani, kila asubuhi atakuangalia usoni na kuhisi anakuchelewesha, naye atainuka kabla ya wakati. Ukiwa unatembea, shinikizo hilo halipo. Toka kesho baada ya majibu ya daktari, pitia Villafranca, O Cebreiro na Triacastela kwa utulivu, umkute Sarria siku ya tano. Kushuka Triacastela na wewe uwe mwangalifu, maana muundi wako umepita mawe yaleyale ya Molinaseca.

Usiende tu kama daktari ameona jambo la hatari, kama anahitaji mtu wa kumsaidia kutembea, au kama yeye mwenyewe anakuomba ubaki. Muulize waziwazi, usimkisie. Mwambie ulivyoniandikia mimi: kwamba unaogopa kumsaliti. Nina hakika na yeye ana hofu yake anayoificha. Halafu kubalianeni leo usiku, akili zikiwa zimetulia, ni dalili zipi zitamfanya asimame, mziandike nyuma ya pasi zenu za hujaji. Uamuzi wa kutembea usifanywe asubuhi buti zikiwa zimeshavaliwa na wenzenu wakiwaita mlangoni.

Usiku huu afungue buti, aulaze mguu juu ya mto, anywe maji. Kesho asubuhi, kama anaweza kuvumilia, asimeze kidonge mpaka daktari awe ameushika mguu na kusikia panapouma kweli.